Fomu Zisizo na Mikunjo

2 Februari

Dada,

Kaa chini kwanza. Kama uko kliniki, waambie wagonjwa wakusubiri dakika tano, mdogo wako ana habari.

Jina langu limepelekwa kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Wakinipitisha, kufikia Juni nitakuwa profesa wa uchumi wa dawa na sera za afya. Wewe uliyenibatiza Bwana Hesabu kwa sababu nilikuwa nahesabu matofali ya ukuta badala ya kulala, naona sasa itabidi utafute jina jingine. Nimechapa orodha ya machapisho yangu yote: kurasa tano, makala arobaini na moja. Wifi yako ameisoma mezani, akasema hajawahi kuona mtu aliyeandika mengi hivi na bado hajui sabuni ya vyombo inawekwa wapi.

Namba moja kwenye orodha ni ile yetu. Wagonjwa wako sitini wa kifafa, miezi tisa, vidonge vya njano wakabadilishiwa vyeupe vya bei nafuu, na vyeupe vikaonekana vinafanya kazi ileile. Unajua imenukuliwa na watafiti wengine mara ngapi? Mia nne na kumi na mbili. Ndiyo iliyoifanya wizara iondoe vya njano kwenye orodha ya dawa za taifa. Kila nilichoandika baadaye kilianzia pale, kwenye kile chumba chako chenye feni mbovu.

Sasa nina ombi dogo. Kuna sheria mpya: makala inayombeba mtu lazima iwe na uthibitisho wa takwimu zake. Nimeambatanisha karatasi. Unathibitisha kwamba fomu zote mia tano na arobaini zilijazwa na wagonjwa wenyewe chini ya usimamizi wako, unatia sahihi, unagonga muhuri, unanirudishia. Dakika mbili tu, halafu uendelee na kazi zako.

Nakuandikia kwenye karatasi kama ulivyotaka, maana umenilaumu mara nyingi kwamba kwenye simu nakukata maneno.

Mdogo wako,
Bwana Hesabu (kwa miezi minne tu iliyobaki)

---

15 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nilicheka pale pa sabuni. Mwambie wifi yangu asikate tamaa, hata mimi nilikushindwa. Hongera sana. Nimewaambia wauguzi wote, hata yule wa chanjo ambaye hatusemeshani.

Huku kazi ni nyingi. Jumatatu hii nilikuwa na wagonjwa hamsini na wawili na kiti kimoja kizima. Mama Vifungo alikuja. Unamkumbuka? Yule mshonaji aliyekuwa anaweka vifungo mdomoni huku anaongea, hadi ukamwambia atavimeza. Alikuwa mgonjwa namba kumi na saba kwenye utafiti wako. Siku hizi anaanguka mara nyingi. Wiki iliyopita aliangukia pasi, kiganja chote kimebabuka. Aliniuliza kama vya njano vinaweza kurudi. Nilimwambia havipo kwenye orodha, na madukani bei yake haishikiki. Akasema basi ataacha kupiga pasi, atashona tu.

Kuhusu karatasi yako, muhuri anao mganga mkuu na amesafiri. Halafu nataka kuuliza kitu, usinione mjinga. Lazima iwe hiyo ya kwanza? Una makala arobaini nyingine. Huwezi kuwapa mojawapo ya hizo wakaithibitisha, hii tukaiacha ilivyo? Ni ya zamani. Na maboksi ya fomu sijui hata yako wapi.

Usikonde kwa mawazo. Kula.

Dada yako

---

24 Februari

Dada mpendwa,

Maboksi ninayo mimi, yako ofisini kwangu juu ya kabati. Uliyaleta mwenyewe, umesahau? Kwa hiyo hilo lisikusumbue.

Nimefikiri sana juu ya barua yako na nadhani nimeelewa kilichokuudhi. Makala ile ina majina matatu na lako halimo. Umo kwenye mstari mmoja mwishoni, “tunamshukuru muuguzi wa kliniki”, bila hata jina. Nilikuwa kijana, nilitaka kuwaridhisha wakubwa, na sikukupigania. Una haki ya kununa. Nakuahidi siku ya mhadhara wangu wa kuupokea uprofesa nitakusimamisha mbele ya watu wote na kusema wazi kwamba bila huyu dada nisingekuwa chochote. Utavaa nini, anza kufikiria.

Lakini hiyo nyingine haiwezekani. Nyingine karibu zote zinaegemea ile. Nikiitoa ya kwanza, kamati itauliza kwa nini, na sitakuwa na jibu.

Mwisho ni tarehe ishirini Machi. Kama mganga mkuu hajarudi, sahihi yako peke yake itatosha. Nimeuliza.

Pole kwa Mama Vifungo. Ajaribu kunywa dawa kwa saa zilezile kila siku. Wengi wanaruka.

Mdogo wako

---

9 Machi

Mdogo wangu,

Mama Vifungo amefariki. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye banda lake. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, akaanguka upande, kichwa kikagonga ule mguu wa chuma wa meza. Majirani walimpakia kwenye gari la mizigo, akakata roho kabla ya kufika kwetu. Mimi ndiye niliyempokea mlangoni.

Jana binti yake aliniletea vidonge vilivyobaki, akasema labda vitamfaa mwingine. Nilivihesabu mbele yake kwa mazoea tu. Marehemu alikuwa hajaruka hata siku moja.

Siwezi kutia sahihi karatasi yako. Nitakuambia sababu, na naomba usome hadi mwisho kabla hujanichukia.

Unakumbuka mwezi wa saba wa utafiti, walipoanza kukarabati jengo wakatuhamishia kwenye ghala ng'ambo ya mto? Wagonjwa thelathini na mmoja waliacha kuja. Fomu zako walikuwa wanabeba nyumbani, wanaweka alama kila siku waliyoanguka, mwisho wa mwezi wanarudisha. Wale thelathini na mmoja hawakurudisha chochote kwa miezi mitatu. Wewe ulikuwa unapiga simu kila Ijumaa: dada, fomu ngapi, dada, muda unaisha. Nami nilikuwa nimelelewa na wadi. Wadini mkaguzi akikuta nafasi tupu kwenye kitabu, unatukanwa mbele ya wagonjwa, unakatwa mshahara wa siku. Ukikuta pengo unaandika cha jana. Hatukuona ni uongo, tuliona ni usafi wa kazi. Basi nikachukua fomu mpya, nikanakili za mwezi wa sita. Tisini na tatu. Nilizijaza jikoni kwangu kwa Jumapili mbili, nabadilisha kalamu ili zifanane na za watu tofauti. Nilijiambia wangekuwa wamezidiwa wangekuja.

Baada ya ukarabati walirudi. Nikamuuliza Mama Vifungo mbona ulipotea. Akasema, “Ningevukaje mto, muuguzi, nilikuwa naanguka kila wiki.” Mwezi mmoja alianguka mara nne. Kwenye fomu yake nilikuwa nimeandika sifuri. Niliwauliza wengine, na wengi walisema hivyohivyo. Waliokuja ghalani ni wale waliokuwa na nafuu, na waliobaki nyumbani ni wale waliokuwa wanaanguka.

Jioni ya siku hiyo nilinyanyua simu nikuambie. Ukawahi wewe kunipigia, unapiga kelele, makala imekubaliwa. Nikajikaza kisabuni, nikakupongeza. Tangu siku hiyo ni miaka kumi na nne.

Nimekuharibia. Nilitaka kukusaidia na nimekuharibia wewe, na nimemuua yule mama. Nimeandika sentensi hiyo na sitaifuta.

Dada yako

---

23 Machi

Mdogo wangu,

Wiki mbili. Simu hupokei. Wifi yangu anasema uko salama, unatoka, unarudi, ila chakula huli vizuri.

Nitukane kama unataka, mradi useme. Ukimya wako umenifanya nishindwe hata kuchoma sindano, juzi nimemwomba mwenzangu anishikie.

Tarehe ya karatasi imepita. Umewaambia nini?

Dada

---

30 Machi

Dada,

Nimewaambia unaumwa. Wameniongezea mwezi.

Nimeandika barua hii mara nne na kuitupa. Kila nikianza na maneno ya kukusamehe naona nitakuwa nakudanganya, kwa sababu huna cha kusamehewa nami. Nilijua.

Nilijua tangu siku ya pili ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Fomu za wagonjwa zilikuja zimekunjwa mara nne, zimelegea, nyingine zina jasho, nyingine mafuta, nyingine mtoto amechorea nyuma. Walizibeba mifukoni na kwenye pindo za nguo. Nilikuwa nazinyoosha kwa kiganja moja moja. Halafu nikafika mwezi wa saba na karatasi zikaanza kuja zimenyooka, safi, hazijawahi kukunjwa. Nikazitenga. Nikazihesabu, maana ndivyo nilivyo. Tisini na tatu. Kalamu tatu tofauti, lakini namba saba zote zimekatwa kistari katikati, kama unavyokata wewe.

Nilikaa nazo mezani mchana kutwa. Nilijiambia labda za kweli zililowa na umenakili tu. Sikukuuliza kwa sababu ningekuuliza ungenijibu. Nikaziingiza zote. Matokeo yakatoka mazuri, msimamizi wangu akanipigapiga begani, na baada ya hapo kila makala ilipanda juu ya nyingine. Wizara waliponiita kutoa ushauri juu ya vya njano, nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilivaa tai nikasema takwimu ni imara.

Sikujua kuhusu kuanguka kwao. Hilo naapa. Nilijua fomu si za kweli, sikujua ukweli wenyewe ulikuwa upi. Na sikuutafuta.

Sasa nisikilize kwa utulivu. Yule mama hatuwezi kumrudisha. Nikianguka sasa, hakuna atakayenisikiliza tena juu ya dawa yoyote. Nipe hadi Juni. Nikishakuwa profesa nitaomba fedha, nitafanya utafiti mpya, mkubwa, safi, utaonyesha vyeupe havitoshi, na vya njano vitarudi kwenye orodha bila mtu kuaibika. Ni miaka miwili, labda mitatu. Wewe utastaafu kwa heshima yako. Karatasi unayo. Tia sahihi tu, dada, mengine niachie mimi.

Mdogo wako

---

8 Aprili

Wewe,

Barua yako niliisomea stoo, nimesimama katikati ya maboksi ya glavu, na nilipofika pale ulipoandika ulijua, nilikaa sakafuni. Mwenzangu alinikuta hapo akadhani nimepandwa na presha. Hata sasa naandika nikiwa kama mtu aliyeambiwa msiba ambao hajui ni wa nani.

Miaka kumi na nne niliamini nimekudanganya. Kila sikukuu ulipokuja nyumbani nilikuwa nakuangalia ukila na kujiambia: huyu mtoto hajui amesimama juu ya nini, na aliyemweka hapo ni mimi. Nilikuwa naswali, naomba, nabeba. Kumbe tulikuwa wawili mezani, kila mtu na lake kifuani, na wewe unaniomba nikuongezee chai.

Lakini hilo ningelimeza. Ambalo limenishinda ni la Februari. Ulijua fomu si za kweli, ukaniandikia barua ya kuchekesha, ukaweka ndani karatasi inayosema ni za kweli, ukaniomba nitie sahihi. Dakika mbili tu, ulisema. Ukadhani nimenuna kwa sababu ya jina langu kutokuwepo. Au hukudhani, ulijifanya tu? Sijui tena kipi chako ni kipi. Nilipokuwa naamini hujui, angalau mmoja wetu alikuwa msafi, na hilo lilinitosha kuamkia kazini.

Miaka mitatu unayoitaka, nani atailipa? Wagonjwa wa Jumatatu sasa ni hamsini na mmoja. Kuna mwalimu, kuna fundi rangi anayepanda ngazi kila siku. Niwaambie wangoje uprofesa?

Karatasi yako nimeichana. Nimeandika barua mbili. Moja kwa mhariri wa jarida lililochapisha makala, moja kwa mganga mkuu. Nimeeleza yote: ghala, jikoni, Jumapili mbili, fomu tisini na tatu, namba kumi na saba. Mganga mkuu amenisimamisha kazi tangu juzi, na baraza la wauguzi litanihoji. Alikuwa mpole. Aliniuliza kama nimeelewa nilichokiandika, nikamwambia ndiyo, mimi ni mtu mzima.

Kitu kimoja ukijue kabla hujakisikia kwingine. Nimeandika kwamba wewe hukujua. Barua ya kwanza niliandika ulijua. Niliisoma, nikaona jina lako pale, nikaichana. Ulikuwa na miaka sita mama alipokuweka mkononi mwangu, na mkono huu una ujinga wake. Usinishukuru. Sijafanya hivyo kwa kuwa unastahili, na sijakusamehe. Uprofesa wako uko salama kama ukikaa kimya, na kukaa kimya unakujua vizuri kuliko mimi.

Usije nyumbani kwa sasa.

Dada yako

---

19 Aprili

Kwa Mhariri wa Jarida
Nakala: Kamati ya Kupandisha Vyeo, Kamati ya Dawa ya Wizara, Mganga Mkuu wa hospitali, dada yangu

Ndugu Mhariri,

Umepokea barua ya muuguzi aliyesimamia ukusanyaji wa takwimu za makala yangu ya kwanza. Yote aliyoandika ni kweli isipokuwa sentensi moja, ile inayosema kwamba mimi sikujua. Nilijua kabla sijaandika mstari wa kwanza wa makala. Nilizitenga fomu zile, nikazihesabu, kisha nikazitumia. Naomba makala iondolewe, na tangazo la kuiondoa liseme kosa ni la mwandishi wa kwanza. Wenzangu wawili hawakuziona fomu.

Fomu zote mia tano na arobaini nimezipeleka wizarani leo asubuhi kwa mkono wangu. Zile tisini na tatu nimezifunga peke yake. Nimeomba vidonge vya njano virudishwe kwenye orodha mara moja wakati uchunguzi unaendelea, na nimemwambia karani sitaondoka mapokezi hadi mtu mwenye mamlaka atie sahihi kwamba amezipokea. Nilikaa pale kwa muda wa saa tano. Alipatikana, akatia.

Naambatanisha orodha ya machapisho yangu. Zilikuwa makala arobaini na moja. Nimekata mstari kwenye thelathini na tatu zinazotumia matokeo ya ile ya kwanza, na kando ya kila moja nimeandika ukurasa na jedwali, ili majarida mengine yasipate shida ya kutafuta. Jina langu nimeliondoa kwenye kamati ya vyeo.

Katika jedwali la tatu, mgonjwa namba kumi na saba ameandikwa kuwa hakuanguka hata mara moja kwa miezi mitatu. Alikuwa mshonaji. Ameanguka na kufariki mwezi uliopita, na alikuwa ananywa dawa niliyoipendekeza, bila kuruka siku. Naomba hilo nalo liandikwe kwenye tangazo, bila jina lake, mpaka binti yake akubali.

Nitakaloongeza si la kitaaluma, unaweza kuliacha. Dada yangu ameandika uongo mara mbili katika maisha yake, na mara zote mbili aliuandika kwa ajili yangu. Wa kwanza niliuchukua nikajengea nyumba. Huu wa pili naurudisha.

Mtafiti